0.285 ya Carl Yastrzemski: ni namba ndogo, au tunaisoma vibaya? (Uzi mrefu wa besiboli)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba mnivumilie. Uzi ni mrefu, na mchezo wenyewe wengi wetu hatukukua nao.

Niko Massachusetts, huu ni mwaka wa tisa, nahudumia wazee majumbani. Mzee niliye naye sasa ana miaka themanini na ushee, na Boston Red Sox ni timu yake tangu utotoni. Wiki iliyopita mjukuu wake alikuja kumsalimia, wakaanza kubishana nani alikuwa mpigaji hodari. Mzee akamtaja Carl Yastrzemski. Kijana akatoa simu, akasoma: wastani wa upigaji wa maisha yake yote uwanjani, 0.285. Akasema, "Babu, huyu wa kawaida tu. Tony Gwynn ana 0.338." Mzee akanyamaza, akageukia dirishani, na hakulizungumzia tena mpaka kijana alipoaga.

Iliniuma. Nimeishi na mzee huyu miezi kumi na moja na sijawahi kumwona anakosa la kusema. Usiku alipolala nilikaa jikoni na kalamu na bahasha ya zamani, nikaanza kupiga hesabu. Nilichokipata ndicho ninachowaletea.

Kwanza kwa wasioujua mchezo. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anajaribu kuupiga. Akiupiga na kufika besi (kituo cha kukimbilia) salama kwa nguvu ya mpigo wake, hiyo ni hiti. Wastani wa upigaji ni idadi ya hiti ugawanye kwa zamu za kupiga. Hiti 3 katika zamu 10 ni 0.300, na mwenye 0.300 ni hodari, maana mchezo wenyewe ni mgumu kiasi hicho: hata bingwa anashindwa mara saba kati ya kumi. Halafu kuna besi ya bure. Mrushaji akitupa mipira minne mibaya na mpigaji asiihangaikie, anapewa besi ya kwanza bila kupiga. Hiyo haihesabiwi kuwa hiti, wala haihesabiwi kuwa zamu. Ishikeni hii besi ya bure, tutaihitaji mbele.

Sasa tazameni misimu miwili.

Mwaka 1930 Bill Terry wa New York Giants alipiga 0.401 katika Ligi ya Taifa (ligi kuu ziko mbili: hiyo, na nyingine inaitwa Ligi ya Marekani). Hakuna mchezaji wa ligi hiyo aliyefika 0.400 tangu hapo. Mwaka 1968 Yastrzemski aliongoza Ligi ya Marekani kwa 0.301. Ukiziweka namba hizi mbili mezani bila maelezo, utasema mmoja ni simba na mwingine ni paka.

Ila uliza: wenzao walikuwa wanapiga ngapi? Mwaka 1930 Ligi ya Taifa nzima, wazuri na wabovu pamoja, ilipiga 0.303. Ligi nzima! Phillies walipiga 0.315 kama timu na bado wakashika mkia, wakapoteza michezo 102, kwa sababu warushaji wao walikuwa wanapigwa kama ngoma. Mpira wa mwaka ule ulikuwa mwepesi kuruka. Msimu uliofuata ligi ikaleta mpira wenye ngozi nene zaidi, na wastani ukashuka hadi 0.277.

Mwaka 1968 kinyume chake. Ligi ya Marekani nzima ilipiga 0.230. Tangu 1963 waamuzi walikuwa wamepanuliwa eneo la straiki (mpira ukipita humo bila kupigwa, mpigaji anahesabiwa straiki, na straiki tatu zinamtoa), na mrushaji alisimama juu ya kilima cha inchi 15, yaani sentimita 38 hivi, mpira unashuka kutoka juu kama jiwe. Bob Gibson, katika ligi ile nyingine, alimaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 1.12 kwa kila mchezo wa ingi (awamu) tisa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka uliofuata wakuu wa mchezo walishusha kilima hadi inchi 10 na kulipunguza lile eneo. Katika Ligi ya Marekani mtu mmoja tu alivuka 0.300 mwaka 1968. Aliyemfuata, Danny Cater wa Oakland, alipata 0.290.

Haya, gawanyeni:

Terry: 0.401 ÷ 0.303 = 1.32
Yastrzemski: 0.301 ÷ 0.230 = 1.31

Wakuu, mimi niliirudia hesabu hii mara tatu. Namba mbili zinazopishana pointi 100 nzima (kwenye wastani, pointi moja ni 0.001), na kila mmoja kawazidi wenzake kwa karibu theluthi moja ileile.

Nawasilisha kwa kuanzia. Nitaendelea.

#2 – Mdau, Mwanza

Mkuu, uzi mzuri sana. Nimekuelewa kwa kutumia mpira wetu. Ni kama kubishana kati ya mabao 26 ya Mohamed Hussein "Mmachinga" ya mwaka 1999 na mabao 21 ya Aziz Ki msimu wa 2023/24. Watu wanazitaja namba tupu wakati timu, ratiba na walinzi si wale wale.

Lakini nina swali. Kwa nini ugawanye? Ukitoa, Terry kawazidi wenzake kwa 0.098 na huyu wako kwa 0.071. Hapo Terry anaongoza vizuri tu. Usije ukawa umechagua hesabu inayompendeza mzee.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, swali lako ndilo lililoninyima usingizi, maana hata mimi nililiona.

Tuseme hivi. Mwaka 1968 Yastrzemski alikuwa na zamu 539 na hiti 162. Mpigaji wa wastani wa ligi ile angepewa zamu hizo hizo, angepata hiti 124. Ziada ni 38. Terry alikuwa na zamu 633 na hiti 254. Mtu wa wastani wa 1930 angepata 192. Ziada ni 62. Kwa kuhesabu hiti kichwa kwa kichwa Terry yuko mbele, sikatai.

Ila hiti moja ilinunua nini? Katika ligi ya Terry kila timu ilifunga wastani wa pointi 5.68 kwa mchezo. Katika ligi ya Yastrzemski ilikuwa 3.41. Elfu kumi ya mwaka 1995 ilikulisha siku kadhaa. Elfu kumi ya leo unainunulia nini? Pale ambapo pointi tatu zinatosha kushinda mchezo, hiti moja iliyoleta pointi moja ni theluthi ya ushindi. Pale ambapo unahitaji sita, hiti ileile ni sehemu ndogo tu. Kugawanya ndiko kunakobeba bei ya wakati ule, kutoa kunazihesabu noti bila kuuliza zinanunua nini. Ndiyo maana nikagawanya.

Na bado sijaigusa besi ya bure. Msimu ule Yastrzemski alikwenda besi bure mara 119. Ukizijumlisha, alifika besi kwa kiwango cha 0.426, wakati ligi yake ilikuwa 0.297. Terry alifika 0.452 katika ligi ya 0.360. Hapo Yastrzemski anawazidi wenzake kwa 43%, Terry kwa 26%. Sasa nani simba?

#4 – Mdau, Nairobi

Boss, mimi ni mtu wa kriketi, kwa hivyo wastani ni lugha yangu. Kwetu kila mtu anajua 99.94, wastani wa Don Bradman wa Australia, na sababu ya kuijua ni kwamba wengine wengi walioheshimika wako kwenye hamsini na kitu. Hiyo 99.94 ingekuwa peke yake bila hao wengine haingekuwa na maana yoyote. Hapo tuko pamoja.

Lakini umeanza na ubishi wa maisha yote ya mchezaji, 0.285 kwa 0.338, halafu ukatupeleka kwa msimu mmoja ulio mzuri kwake. Msimu mmoja hata mchezaji wa kawaida anaweza kuamka nao. Tupe miaka yote.

#5 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, umenibana sawasawa. Imenichukua siku mbili, nimeifanya msimu kwa msimu, kwa mkono.

Yastrzemski alicheza misimu 23, kuanzia 1961 alipoingia kwenye nafasi iliyoachwa na Ted Williams hadi 1983, zote Boston, na aliacha akiwa na miaka 44. Zamu 11,988, hiti 3,419. Nilichofanya ni hiki: kwa kila msimu nikachukua zamu zake na kuzizidisha kwa wastani wa Ligi ya Marekani mwaka ule. Mwaka 1961 ligi ilikuwa 0.256, ikawa inateremka kama mtu anayeshuka ngazi: 0.247 mwaka 1963, 0.240 mwaka 1966, 0.236 mwaka 1967, mpaka 0.230. Kisha ikaanza kupanda, na kufika 1979 ilikuwa 0.270.

Jumla: mpigaji wa wastani aliyepewa zamu zake zote, miaka ile ile, angepata hiti 3,025 hivi. Hiyo ni 0.252. Yastrzemski alipata karibu 390 zaidi. Kawazidi wenzake kwa 13%, ukiweka ndani na ile misimu ya mwisho ya uzee ambayo wengi huwa wameshastaafu.

Sasa Gwynn, na hapa nitasema ukweli hata kama mzee hataupenda. Tony Gwynn alicheza San Diego miaka 20, 1982 hadi 2001, hiti 3,141, mataji manane ya upigaji. Ligi ya Taifa katika miaka yake ilizunguka 0.258 hivi. 0.338 yake inawazidi wenzake kwa karibu 30%. Mwaka 1994 alipiga 0.394 ligi ikiwa 0.267. Alirushiwa mpaka akatolewa kwa straiki tatu mara 434 tu katika zamu 9,288. Kwa kugusa mpira na kuupeleka pasipo na mtu, Gwynn ni bora kuliko Yastrzemski, na kulinganisha na ligi hakubadilishi hilo. Mjukuu hakukosea kabisa.

Alipokosea ni kudhani wastani wa upigaji ndio upigaji wote.

Wekeni namba zao bega kwa bega:

Wastani wa upigaji: Gwynn 0.338, Yastrzemski 0.285
Kiwango cha kufika besi: Gwynn 0.388, Yastrzemski 0.379
Wastani wa besi kwa zamu: Gwynn 0.459, Yastrzemski 0.462

Tofauti ya pointi 53 kwenye mstari wa kwanza imebaki pointi 9 kwenye wa pili, na wa tatu mzee wetu kapita. Zimekwenda wapi? Besi za bure: Gwynn 790, Yastrzemski 1,845. Homurani, yaani mpira uliovuka uzio na mpigaji akazunguka besi zote: Gwynn 135, Yastrzemski 452. Yule aliyejilinda asipige mpira mbaya mara elfu moja zaidi alikuwa anafika besi vilevile, ila kwenye ule wastani unaosomwa kwenye simu hilo halionekani hata kidogo.

Wataalamu wana kipimo kinachoitwa OPS+. Kinachukua kufika besi na nguvu ya mpigo, kinalinganisha kila kimoja na ligi ya mwaka husika, kinasahihisha na uwanja wa nyumbani. Mtu wa wastani ni 100. Kwa magwiji, Babe Ruth ana 206, Ted Williams 191, Henry Aaron 155.

Gwynn ana 132.
Yastrzemski ana 130.

Niliiona saa nane usiku, nikasimama jikoni peke yangu. 0.338 na 0.285, tofauti ambayo kijana aliitumia kumnyamazisha babu yake, na kipimo kinachohesabu kufika besi na nguvu ya mpigo pamoja kinasema hawa wawili karibu wamelingana.

#6 – Mdau, Minnesota

Asante mkuu, hapa umetufungua. Nina mawili ambayo hujayagusa.

La kwanza, Fenway Park. Huo ni uwanja wa nyumbani wa Boston. Ukuta wake wa kushoto una kimo cha mita 11 na uko karibu mno, mpira ambao kwingine ungedakwa pale unagonga ukuta na kuwa hiti. Nyumbani Yastrzemski alipiga 0.306, ugenini 0.264. Hiyo si siri.

La pili, kabla ya 1973 warushaji wa Ligi ya Marekani nao walikuwa wanapiga, na mrushaji kupiga ni kama kipa kupiga chenga. Hao wanauvuta wastani wa ligi chini. Kwa hiyo ile 0.230 yako ina uzito wa watu ambao kupiga si kazi yao.

Na nyongeza ndogo: Ichiro Suzuki, ambaye yuko kwenye Ukumbi wa Heshima tangu 2025, ana wastani wa 0.311 na hiti 3,089, lakini OPS+ yake ni 107. Utasema Ichiro naye ni wa kawaida?

#7 – Mleta uzi

Mkuu wa Minnesota, heshima kwako. Yote mawili ni kweli.

Warushaji: ushahidi uko kwenye namba zenyewe. Mwaka 1972 ligi ilipiga 0.239. Mwaka 1973 wakaleta mpigaji mteule wa kupiga badala ya mrushaji, ikaruka hadi 0.259. Sehemu kubwa ya kuruka kule ni kuondoka kwa warushaji tu. Kwa hiyo 13% yangu imempendelea kidogo kwa misimu 12 ya mwanzo. OPS+ huwaondoa warushaji kwenye hesabu ya ligi, na huko ndiko ilikotoka 130. Hata ule ulinganisho wangu wa kwanza ukiupitisha kwenye kipimo hicho, 1968 ya Yastrzemski inatoka 171 na 1930 ya Terry inatoka 158.

Fenway: imo pia ndani ya 130, imeshakatwa. Bila kukatwa angeonekana mkubwa zaidi. Na Gwynn upande wake alicheza kwenye uwanja usiowapenda wapigaji, kwa hiyo 132 yake imeongezewa kidogo. Ndiyo raha ya kipimo kinachokwenda pande zote mbili.

Ichiro: hapana, sitasema. OPS+ inapima upigaji tu. Haijui kwamba aliiba besi 509, haijui mkono wake wa kurusha mpira kutoka eneo la nyuma la uwanja. Na hiti 1,278 alizopiga Japani kabla hajaja huku hazimo. Kila kipimo kina mipaka ya kile kilichotengenezwa kupima.

Jana jioni nilimpelekea mzee ile bahasha pamoja na karatasi nyingine tano. Nilimwambia, "Mzee, nimepiga hesabu zako." Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, kama anasoma barua ya nyumbani. Alipofika 1967 akasimama. Mwaka ule Yastrzemski alipiga 0.326 ligi ikiwa 0.236, homurani 44, pointi 121 alizozileta, akaongoza ligi katika yote matatu; hilo halikufanywa tena mpaka Miguel Cabrera mwaka 2012. Boston walikuwa wa tisa mwaka uliotangulia, wakachukua ubingwa wa ligi siku ya mwisho.

Mzee akaniambia, "Hujaandika siku mbili za mwisho." Nikamuuliza zilikuwaje. Akainua vidole saba, halafu vinane. Hiti saba katika zamu nane, michezo miwili ambayo wakipoteza mmoja mambo yamekwisha. Nimeangalia. Ni kweli. Alikuwa uwanjani.

Kisha akanisomea tena ile ya Gwynn, 132 kwa 130, akatabasamu. Akasema Gwynn alikuwa fundi. Akaomba tuikunje karatasi vizuri, mjukuu anakuja Jumapili.

#8 – Mdau, Kampala

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Huku Uganda besiboli ipo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza michuano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili wa Kiganda. Mimi nafundisha watoto wa miaka 11 na 12 jioni baada ya shule. Kila mzazi ananiletea wastani wa mwanawe: wangu ana 0.400, wangu ana 0.450. Naweza kuzifanyaje hizi hesabu zenu bila kompyuta?

#9 – Mleta uzi

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kazi hiyo.

Huhitaji kompyuta. Chukua daftari la mistari, kila mtoto na ukurasa wake, na ukurasa mmoja wa mwisho uandike "Wote". Kila baada ya mchezo jaza zamu, hiti, besi za bure, na ni besi ngapi kila hiti ilimfikisha. Halafu jumlisha za timu zote mnazocheza nazo kwenye ule ukurasa wa "Wote". Hiyo ndiyo ligi yako.

Mzazi akija na 0.400, fungua ukurasa wa mwisho kwanza. Kama watoto wote kwa jumla wanapiga 0.370, kwa sababu warushaji wa umri huo bado hawajashika mwelekeo, basi 0.400 ni mtoto anayekwenda na wenzake. Kama wote wanapiga 0.250, huyo mtoto mtafutie viatu vizuri na umwangalie kwa karibu. Usihukumu kwa michezo mitano, subiri afikishe zamu hamsini au zaidi, maana kwenye zamu kumi hiti moja ya bahati inabadilisha kila kitu.

Na yule mtoto mkimya mwenye 0.240 ambaye hakuna mzazi anayekuja kukuuliza habari zake, tazama safu ya besi za bure. Kama anauacha mpira mbaya upite na kila mara unamkuta amesimama besi ya kwanza, mpange awe wa kwanza kupiga Jumamosi hii.